Gamba Kwenye Besmenti

Edah aliliona gamba Jumamosi moja ya Septemba, alipoinama kuokota soksi iliyodondokea nyuma ya tangi la maji moto. Lilikuwa limejinyoosha kando ya bomba, jembamba, kavu, na kichwani lilikuwa kamili hadi mahali pa macho. Hakupiga kelele. Aliiacha soksi pale pale, akapanda ngazi, akafunga mlango wa besmenti na kumwita mumewe.

"Njuguna, kuna nyoka kwa hii nyumba."

Njuguna alishuka na ufagio, akarudi na gamba likining'inia kwenye mpini. Lilikuwa refu kushinda mkono wake.

"Si nyoka. Ni nguo yake tu."

"Na mwenyewe ako wapi?"

Njuguna aliinama, akachungulia chini ya kochi.

Edah alikuwa muuguzi, na katika kazi yake alikuwa amefumba macho ya wafu wengi. Nyoka lilikuwa jambo jingine. Kule kwao Meru kaka yake mkubwa alikanyaga moma akipalilia, na mpaka leo anatembea kwa mguu wa bandia. Nyumba yao ya Riverdale Park, huku ughaibuni, ilikuwa kuukuu, yenye nyufa za kutosha kupitisha chochote, lakini wazo la nyoka halikuwahi kumjia.

Besmenti hiyo ilikuwa na mpangaji. Kalisti, kijana Mtanzania kutoka Bukoba, alikuwa akisomea wadudu chuo kikuu na chumba chake kilitazamana na mashine ya kufulia. Kila asubuhi alimwamkia Edah "Shikamoo, mama," na Edah, ambaye hakulelewa na salamu hiyo, alikuwa amejifunza kuitikia marahaba na kuifurahia. Alipoonyeshwa gamba, Kalisti alilitazama kwa muda.

"Huyu hana sumu, mama," alisema. "Ni wa kula panya tu."

Jumapili baada ya ibada Mchungaji Boniface alikuja na waumini kadhaa kuiombea nyumba. Walijipanga kwenye ngazi, maana hakuna aliyetaka kufika chini kabisa. Mama Jerotich, kiongozi wa akina mama, alisema nyoka haachi vazi lake nyumbani kwa mtu bila kutumwa. Walikemea, wakaimba, wakakemea tena. Kalisti alisimama mlangoni pa chumba chake, mikono kifuani, akiitikia amina kila penye amina. Edah alifumbua jicho moja katikati ya maombi. Siku hiyo wageni wote walikuwa na viatu miguuni, kwa ruhusa yake mwenyewe, na macho yao yalizunguka sakafuni. Kalisti alikuwa peku, na hakutazama chini hata mara moja.

Hilo lilimkaa moyoni wiki nzima. Nguo alikwenda kufulia kwenye duka la mashine za kufulia barabarani. Njuguna alimwita fundi wa kukamata wanyama, naye akamulika kila pembe nje ya chumba cha Kalisti kwa tochi, akaondoka mikono mitupu.

Alhamisi, alipotoka kazini, Edah aliweka chapati na ndengu kwenye sahani, akashuka. Alijiambia kwamba anampelekea kijana chakula. Mlango wa Kalisti ulikuwa wazi kidogo. Ndani iliwaka taa ya joto, na Kalisti alikuwa ameketi sakafuni mbele ya sanduku la kioo. Mlemle alijikunja nyoka wa rangi ya machungwa iliyofifia, macho yake yamefunikwa na utando mkavu, kama ya mgonjwa mwenye mtoto wa jicho.

Sahani iligonga fremu ya mlango. Kalisti aligeuka.

"Ni wangu, mama."

"Naona."

Alieleza kwa sauti ya chini. Nyoka alikuwa wa mwanafunzi mwenzake aliyerudi kwao, na hakuna mwingine aliyekubali kumchukua. Mwezi wa nane alitoroka, na Kalisti akamkuta siku ya pili juu ya mabomba. Kwamba alikuwa amejivua gamba huko nyuma ya tangi, hakujua hadi alipoonyeshwa.

"Na ukasimama hapo ukasema amina."

"Nilisema amina, mama. Mlikuwa mnaombea nyumba. Nikaogopa kusema lingine."

Edah alifungua kinywa, lakini kijana aliinua kiganja. "Samahani, tusimshtue. Sasa hivi haoni vizuri. Ameanza."

Nyoka alikuwa akisugua pua kwenye jiwe. Ngozi ilipasuka mdomoni, ikarudi nyuma ya kichwa, halafu akaanza kutambaa akijitoa ndani yake, nayo ikibaki nyuma imegeuzwa, vile Edah alivyowavua wazee soksi ndefu wodini. Aliketi ukingoni mwa kitanda, sahani magotini. Chapati zilipoa.

Kalisti aliongea huku wakitazama, kama anayesimulia habari za majirani. Kaa hutoka kwa nyuma ya gamba lake, akakaa laini kama mkate uliolowa, amejificha mpaka apate jingine. Bata maji wa ziwani hunyonyoka manyoya yote ya mabawa kwa mpigo, na kwa wiki kadhaa hawawezi kuruka. Nyenze waliojaza miti miaka michache iliyopita waliacha maganda yao na kupaa. "Mbwa wa jirani, yeye anamwaga manyoya tu kwenye zulia."

"Na hao wengine wote hujificha?"

"Wengi. Ni wakati ambao chochote kinaweza kuwala."

Nyoka alipomaliza, rangi yake iling'aa kama papai lililoiva. Edah aliiweka sahani kitandani, akasimama.

"Ni mrembo," alisema. "Lakini siwezi kulala huko juu yeye akiwa hapa chini."

"Najua, mama."

"Mpe mtu, ubaki. Chumba ni chako."

Kalisti alifunika sanduku. "Ameshaachwa mara moja," alisema. "Nitatafuta pengine."

Usiku huo Edah alimweleza mumewe yote. Njuguna aliuliza kama nyoka huyo alikuwa akishika panya wa nyumba. Alipoambiwa kwamba analishwa ndani ya kioo, alikasirika kweli kweli. Alimkemea Kalisti kwa kuwadanganya, na kijana akayapokea maneno akiwa ameinamisha kichwa. Lakini Njuguna alikuwa na ombi kwa wote wawili: Mchungaji asiambiwe.

Jumamosi iliyofuata Edah alimpeleka Kalisti kwenye makazi yake mapya, mtaa wa Adelphi. Nyoka alikuwa ndani ya foronya iliyofungwa fundo, foronya ndani ya boksi, na boksi kwenye kiti cha nyuma. Edah aliendesha taratibu, macho yakiendea kioo cha nyuma kila taa iliposimamisha magari.

Mwenyeji mpya, Mkongo aitwaye Fredy, alishuka kuwapokea. Akachungulia ndani ya boksi, akaiona foronya.

"Iko nini mule ndani?"

Edah alimtazama Kalisti.

"Ni nyoka," Kalisti alisema. "Ni wangu, na nitakaa naye chumbani. Kama hutaki, niambie sasa hivi kabla sijashusha vitu."

Fredy alirudi nyuma hatua kadhaa, akashika kiuno, akawaza. "Nyoka ya kweli?"

"Wa kweli."

"Bon, sawa," alisema mwishowe. "Mimi nitabeba vitabu."

Walipandisha mizigo. Kalisti aligeuka ngazini akampungia Edah mkono, na Edah akapunga pia. Kisha akatia gari gia, maana zamu yake ilikuwa ya jioni na bado hakuwa amepiga pasi sare.