Mtetea Aliyeletwa na Wifi

Wifi yangu aliingia uani kwangu na mtetea mweupe kwapani, miguu kaifunga kwa kipande cha kitambaa, akasema kaniletea zawadi ili tumalize maneno. Mimi na yeye hatukuwa tukisalimiana tangu alipotangaza mbele ya majirani kwamba kaka yake, yaani marehemu mume wangu, aliuawa na uzembe wangu. Mtu niliyemgeuza kitandani kwa mikono hii, nikamlisha uji kwa kijiko kama mtoto. Kwa hiyo zawadi ilinitisha kuliko matusi. Matusi yake nimeshayazoea.

Nilipokea, maana mwanangu, fundi wa kuchomelea, alikuwa amesimama pale ananitazama kwa jicho la kunisihi. Halafu nikamtazama kuku. Shingo kaiingiza ndani, mabawa yameshuka, na uchafu alioniachia mkononi ulikuwa wa kijani. Nilikuwa nimesikia kwamba mtaa wa wifi kuku wanakufa kwa kideri. Na wangu safari ile hawakuwa na chanjo, kwa sababu friji ya muuza dawa ilikufa na chanjo yote ikaharibika.

Wangu ni kuku wa kujitafutia. Asubuhi nikiwafungulia wanasambaa nyuma ya gereji ya mwanangu, chini ya meza yake ya kazi, mpaka jalalani. Mwewe akipita jogoo anapiga kelele, wote wanajibanza chini ya mabati. Jioni wanarudi wenyewe. Hao ndio wanaowavalisha wajukuu wangu sare za shule, ndio wanaofanya nisimwombe mtu chumvi. Ugonjwa ukimpata mmoja umewapata wote, maana wanakunywa beseni moja.

Nikamfunika yule mgeni kwa tenga kando ya bafu, mbali na wenzake, nikanawa mikono kwa sabuni. Wifi akaona.

"Zawadi yangu unaitia jela?"

"Nataka azoee kwanza, wifi. Leo ndiyo kwanza kafika."

"Sema ana nuksi kwa kuwa katoka kwangu."

Mwanangu akaniomba nisilikuze jambo. Alisema shangazi kajishusha, na mimi nijishushe kidogo, kuku ni kuku tu. Mkewe akadakia kwamba watu wakisikia nimeifungia zawadi ya amani, wataamini yale ya marehemu yalikuwa kweli. Nikawajibu kwamba magoti nitampigia wifi akitaka, lakini tenga halifunuliwi. Mwanangu akanuna, akarudi kazini kwake, akawa anagonga chuma kama kimemkosea.

Niliingia jikoni kumchemshia wifi chai, ingawa nilitamani imuunguze ulimi. Nilipotoka na kikombe, tenga limelala ubavu, na yule mtetea yuko katikati ya kundi, mdomo ndani ya beseni. Wifi kaketi kwenye kigoda changu, macho makavu, anakunja kile kitambaa pajani.

Nilimkamata kuku wake, nikamwaga maji, nikalisugua beseni kwa majivu, nikawafungia wangu bandani, huku nikijua nimechelewa. Wifi alikunywa chai yake yote ndipo akaondoka.

Wiki haikuisha. Wa kwanza kupinda shingo alikuwa yule wake. Kisha wangu, mmoja baada ya mwingine, wakizunguka mahali pamoja kama walevi, jogoo akawa wa mwisho. Mwanangu alichimba shimo nyuma ya gereji bila kunitazama usoni. Nikabaki na koo mmoja tu, aliyekuwa akiatamia chini ya kitanda changu na kunywa kwenye kopo lake peke yake. Huyo akaangua.

Habari za vifaranga zilimfikia wifi, akaja mikono mitupu. Alisema banda lake lilikwisha hata kabla ya langu, yule mtetea ndiye alikuwa wa mwisho kubaki. Akaomba kifaranga kimoja aanze upya. Nikamwuliza kama alijua.

"Nilijua anaumwa. Ndiyo maana nilimleta kwako. Kuuguza unajua."

"Sasa si ungesema anaumwa?"

"Nikuombe wewe?"

"Na tenga ulilifunua la nini?"

"Ulipomfunika kuku wangu nilijua unanicheka moyoni."

Nikamwelekeza lango kwa kidole.

"Nenda kwa wale majirani uliowaambia nilimuua kaka yako. Waambie kuuguza najua, kama ulivyoniambia mimi sasa hivi. Ukirudi, kifaranga utakikuta."

Akasema afadhali afe bila hata unyoya mmoja nyumbani kwake. Nikamwambia basi banda lake alitumie kuwekea kuni. Akajizoa, akatoka, nami nikalifunga lango kwa komeo mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kulifanya wakati kuku wangu wangali hai, wakitoka na kuingia.