Umwitavyo Ndivyo Awavyo

Mshauri wa chumba cha mwisho kwenye korido ya kituo cha ushauri nasaha alikuwa anapangusa kiti cha wateja pale mjane mmoja alipofika mlangoni. "Hodi, shangazi," akasema. Mshauri akaitikia karibu, na kabla mjane hajaketi, tayari alikuwa shangazi: kifua kipana, mtandio begani, mdomo usiojua kumung'unya maneno. Akamwambia mjane aache kulia mbele ya mashemeji, maana wanangoja achoke wamgawane kama vyombo. Mjane akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaaga, akaenda zake.

Ndivyo kazi ilivyokwenda. Ulivyomwita mlangoni, ndivyo alivyokuwa. Aliyesema bibi alimkuta na magoti mabovu na subira isiyokwisha. Dereva mmoja mstaafu, mtu wa ubishi, alizoea kumwita mjomba, basi mshauri aliota sharubu wakabishana mpaka dereva akaliona kosa lake mwenyewe na kudai kwamba alilijua tangu mwanzo. Waliokuja na "daktari" ndio walioambulia patupu. Mikono ya mshauri ilipoa, akawa anatazama saa.

Msimamizi wa kituo alifurahi. Zamani alihangaika kumpa mteja mkali mshauri mpole, na mwenye haya mshauri mchangamfu, na bado watu walishindwana tabia. Sasa wote aliwaelekeza chumba cha mwisho. Washauri wengine walinuna kidogo, kisha wakazoea.

Shida ilikuwa jioni. Sura aliyopewa na mteja wa mwisho haikumtoka mpaka mwingine amwite, na nyumbani hakukuwa na wa kumwita. Alipika akiwa mjomba wa watu. Alilala akiwa bibi wa watu, magoti yakimuuma. Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu hata kujiona hakujiona. Upweke ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kazini walikuwepo waliomwita dada, ila hao walimpa sura za dada zao. Yeye alikuwa dada wa mtu mmoja tu, mdogo wake, na huyo hakumwita hivyo tena tangu matanga ya mama yao. Mama aliugua sana. Mdogo ndiye aliyemgeuza kitandani, akamwosha, akamlisha kwa kijiko. Mshauri alikuwa anasikiliza matatizo ya watu. Kila alipopigiwa simu alijibu kwamba anakuja, ngoja amalizane na huyu. Alipofika, alikuta viatu vya waombolezaji vimejaa mlangoni.

Tangu hapo alitaka kuitwa dada na mdomo ule mmoja, basi. Angeipata sura yake, na pengine angempata na mdogo wake.

Mdogo alikuja siku ya mvua, akakaa kwenye foleni kama wengine. Mhudumu wa mapokezi, aliyejua kuwa hao ni ndugu, alimwuliza kwa upole kama asingependa mshauri mwingine. Akasema hapana, huyo huyo.

Mshauri aliitambua miguu yake chini ya pazia. Dereva ndiyo kwanza alikuwa ametoka, na sharubu bado zilikuwepo. Akasimama katikati ya chumba, akangoja.

"Hodi, mama," mdogo akasema.

Mshauri akaitikia karibu. Mwili ukanywea, ngozi ya shingo ikalegea, chumba kikanuka dawa ya kuchua. Mdogo hakushtuka. Alisogeza kiti, akalaza kichwa mapajani pa mama yake, akalia. Akasema amechoka, nyumba ni kubwa mno, na bado anakurupuka usingizini kwenda kumgeuza mtu ambaye hayupo. Mama akampapasa nywele, akamwambia ahsante mwanangu, ulinitunza, sasa pumzika. Humo ndani ya mama, mshauri alitafuta pa kupenyeza neno samahani. Mdomo haukuwa wake.

Mvua ilipopungua, mdogo akainuka kufunga mtandio wake. Mama akamshika mkono.

"Na dada yako? Hajaja bado?"

"Yuko kazini, mama."

"Haya," mama akasema. "Tusimsumbue."