Njuga Ndani ya Soksi

"Funga tena. Bado zinalia," alisema Mwalimu Kusumlata, akimrushia Tripti soksi ya pili.

Tripti akaivuta soksi juu ya njuga, akapanda kwenye godoro, akaanza: ta thei thei tat. Mwalimu akahesabu kwa kunong'ona. Kathak, ngoma ya kukanyaga kwa njuga, bila kishindo, jamani! Miaka thelathini na moja anafundisha, kumbi zote za Lucknow zimewahi kumpigia makofi, na leo ananong'ona chumbani mwake mwenyewe. Lakini afanyeje? Bwana Rastogi wa chini, mwenye nyumba, alishasema tangu msimu wa mvua: "Kishindo kimoja tu, mama, na virago vyako nje."

Mtihani ulikuwa saa nne. Tripti ndiye mwanafunzi pekee aliyebaki, na bodi ya mitihani ya ngoma ilikuwa imeandika wazi: asipofaulu hata mmoja mwaka huu, jina la mwalimu linafutwa kwenye orodha yake. Chai ilimpoa mwalimu mkononi.

Kwenye ukumbi wa bodi walizivua soksi. Tripti alicheza vizuri, mikono, macho, mizunguko yote. Mtahini akaweka kalamu chini.

"Binti, mbona unanyata? Kuna mtu amelala?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Rudia. Mguu wa kushoto sijausikia."

Akarudia. Mguu ulipanda kwa nguvu, ukashuka kama wa paka. Akarudia tena, machozi yanamtoka. Miezi minane juu ya godoro, mguu umeshazoea. Mtahini akaandika kitu, akaita jina lingine.

Walirudi nyumbani. Walipofika mlangoni pa Bwana Rastogi, Tripti akavua ndala, akaanza kupanda ngazi kwa ncha za vidole, bila kuambiwa na mtu. Mwalimu akamtazama, moyo ukamuuma kuliko kule bodini. Ni yeye aliyemfundisha hivi.

"Shuka. Vaa njuga."

"Hapa? Mwalimu, si atatufukuza!"

"Vaa, nimesema."

Mguu wa kwanza uligonga sakafu ya mawe, njuga zikalia ngazi nzima. Kitasa kikazunguka. Bwana Rastogi akatoka, gazeti mkononi.

"We mama, umepata kichaa?"

Mwalimu hakumgeukia.

"Rudia, mwanangu," alisema. "Wa kushoto sijausikia."