Daftari la Mahudhurio

Mwalimu mstaafu hakuwa mtu wa kusalimu amri. Mkewe alipoanza kusahau majina, alitafuta daftari la mahudhurio, akaandika humo watoto wanne, wajukuu, na mwisho kabisa jina lake mwenyewe. Kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, aliyasoma, mkewe akaeleza huyo ni nani. Akimkuta amesinzia, alimwamsha. Aliogopa mkewe ataamka siku moja amemsahau hata yeye.

Binti yao alipowapeleka hospitali, mzee alilitoa daftari kwa majivuno. Daktari, mama asiye na haraka, alilifunua taratibu.

"Analala saa ngapi, mzee?"

"Simpi nafasi ya kuzembea."

Daktari hakucheka. Alimweleza kwamba ubongo hutoa taka ukifanya kazi, na maji yanayouzunguka hupenya ndani na kuzisomba, hasa mtu akiwa kwenye usingizi mzito. Taka zikirundikana, chembe zinazoulinda ubongo huzishambulia. Mashambulizi yasipokoma, pale panawaka kama kidonda, na hata seli zenye afya huumia.

"Mengine bado yanachunguzwa, na ugonjwa hukuuleta wewe," alisema. "Ila mwache alale."

"Akilala, kumbukumbu zitarudi?"

"Zilizokwenda, sitakudanganya mzee, hazitarudi."

Njia nzima mzee alihesabu kurasa za daftari. Miezi minane alikuwa amemkatiza mkewe usingizi.

Kesho yake, saa nane mchana, mkewe alipitiwa na usingizi kitini. Mzee alikuwa ameshafungua daftari. Binti yake akapita na beseni la nguo, akasimama.

"Baba."

"Namwangalia tu."

Aliliweka daftari chini ya mto wa kiti cha kando, akavuta pazia, kisha akatoka kumwomba fundi wa jirani aache kugonga mabati. Yeye, ambaye kuomba hakukujua, alimwomba mara mbili. Akarudi, akakaa karibu na mkewe. Alitamani kumwita, akaikunja mikono kifuani.

Saa kumi na moja mkewe alifumbua macho. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko siku nyingi. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Samahani, wewe ni nani?"

Mkono wa mzee ulikwenda chini ya mto, ukaligusa daftari, ukarudi mtupu.

"Mtu wa humu humu ndani. Umelala vizuri?"

"Sana." Mkewe akainama karibu, akapunguza sauti. "Kuna mzee huwa ananiamsha kila mara."

"Ameacha," alisema mumewe.