Mdomo wa Dada

"Mchekeshe bwana," shemeji alisema, mikono nyuma, kama mtu anayekagua kabati dukani. "Nani ataning'iniza sebuleni mwanamke aliyenuna?"

Mchoraji hakugeuka. Alikuwa akichanganya kahawia na bluu kupata giza la chini ya macho kwenye picha ya marehemu dada yake, mke wa shemeji. Nyeusi ya kopo hakuitaka. Hiyo ni kivuli cha kila mtu. Mashavu aliyapaka kwa brashi laini, tabaka juu ya tabaka, mpaka ngozi ikawa kama inapumua. Mdomo ndio alioupaka kwa kisu cha rangi, wekundu mzito, bado mbichi, umebanwa kama mlango uliokomewa kwa ndani.

"Ndivyo alivyokuwa," alisema.

"Kwangu alikuwa akicheka."

"Kwako alikuwa akinyamaza, shemeji. Usichanganye."

Mama wa mchoraji na marehemu, aliyeketi kando ya dirisha, alikohoa. "Mwonyeshe hata jino moja, mwanangu. Aliyekufa keshakufa. Tusigombane."

Hapo damu ikampanda mchoraji. Aligeuka, kisu kikidondosha wekundu sakafuni.

"Mama! Alipokuja kwako na begi lake, jicho limevimba, nani alimwambia arudi, eti ndoa ni kuvumilia?"

Mama aliinamisha kichwa. Shemeji alicheka kicheko kikavu, akachukua kitambaa chenye tapentaini ili aufute mdomo ule mwenyewe. Mchoraji alimpokonya.

"Thubutu! Ulimfuta akiwa hai. Leo hutamfuta mbele ya macho yangu. Toka!"

Shemeji alitoka akifoka kwamba ukutani kwake kinyago hicho hakitaning'inia ng'o. Ngazi zikammeza.

Mchoraji alibaki na kitambaa mkononi. Alingoja mama amkaripie, amwambie hana adabu. Alitamani hasa akaripiwe, maana hasira ilikuwa bado imemjaa tele na haijapata pa kumwagika.

Mama aliinuka akijishika kiuno, akasogea hadi kwenye picha. Aliitazama kitambo.

"Nilimfungulia mlango," alisema. "Lakini hata kiti sikumpa. Tuliongea amesimama, begi begani."

Mchoraji alikiweka kisu chini.

Mama akaweka kiganja juu ya ule mdomo, taratibu, kama anayempima homa mtoto aliyelala. Alipokiondoa kilikuwa chekundu hadi vidoleni. Mchoraji alimnyooshea kitambaa. Mama hakukipokea.