Adui Hana Mabawa

Mapinduzi yalifika kijijini kwetu, upande wa Lupiro, kwa bodaboda. Aliyeyaleta ni Valeriani, ambaye alikuwa amesoma nusu ya kitabu cha ukombozi kule Ifakara akaona inatosha. Tulimpigia makofi, akawa Mwenyekiti wa Kamati ya Umma, na tangu siku hiyo hatujaruhusiwa kuacha kupiga.

Amri yake ya kwanza ilihusu madungu, vile vibanda vya juu ya miti tunamokaa kufukuza ndege mpunga unapokomaa. Alitufafanulia kwamba ndege ni suala dogo. Adui wa kweli wa umma hana mabawa. Basi tukayageuza madungu yote, tukaupa mpunga kisogo, tukaanza kulindana sisi kwa sisi. Fransisko alimripoti mkewe kwa kucheka bila sababu ya kimapinduzi. Huko nyuma yetu kweleakwelea walikula mpaka kuruka kukawashinda, na Kamati ikatangaza kuwa njaa ni hatua muhimu ya historia.

Ni Apolonia peke yake, mjane wa kaka yake Mwenyekiti, aliyeendelea kurusha mawe kwa kombeo. Alikuwa na watoto wa kulisha, na watoto hawajui hatua za historia. Akavuna. Kumbe hilo ndilo kosa lenyewe: katika kijiji cha watu sawa, yeye alikuwa na mpunga.

Kesi ilikuwa fupi. Mpunga ulitaifishwa ukapelekwa kwa Kamati, maana anayefikiri kwa niaba ya wenye njaa lazima ashibe. Apolonia aliomba aachiwe mbegu tu.

"Hata debe moja, shemeji."

"Hapa hakuna shemeji," Valeriani alijibu. "Mbegu ni kesho, na kesho ni ya umma."

Tukapiga makofi.

Msimu uliofuata mbegu ile ilipandwa kwenye shamba la Kamati, ikastawi kwelikweli. Ndege walipoanza kujaa, Valeriani alikumbuka ni nani mwenye shabaha kuliko wote, akamwamuru Apolonia apande dungu.

Alipanda. Akaketi, akaliweka kombeo mapajani, akaupa mpunga kisogo na kuukazia macho mlango wa ofisi ya Kamati. Kweleakwelea walishuka shambani kundi baada ya kundi. Mwenyekiti alitoka mbio, kandambili moja mguuni.

"Shemeji, geuka. Wanaumaliza."

Apolonia hakugeuza hata shingo.

"Niache nifanye kazi, Ndugu Mwenyekiti," alisema. "Adui nimeshamwona."