Kofia kwenye Ndoana ya Taa

Mimi Righa ndiye niliyemuua Bwana Halam, na sitaki kutetewa na mtu.

Pale Voi injini yetu ilikuwa ndogo, kazi yake kusukuma mabehewa stesheni kutwa nzima. Dereva ni Gurdit Singh, mimi natia kuni, na shemeji yangu Mwadime anaingia katikati ya injini na behewa kufunga minyororo ya kuviunganisha. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Dada yangu Wakesho akaniambia, "Mume wangu akirudi vipande, usije kwangu." Nikacheka.

Sheria yetu ilikuwa moja. Mfungaji akiingia katikati, anatundika kofia yake kwenye ndoana ya taa ya mbele. Kofia ikiwepo, injini haisogei hata aje Gavana.

Asubuhi ile Bwana Halam, msimamizi wetu, alikuja na kiboko na haraka zake. "Mvivu wewe! Treni ya barua inakuja!"

"Mnyororo umekwama, bwana," Mwadime akajibu kutoka chini. "Njoo ushike wewe, mikono yako ingali mipya."

Tukaangua kicheko, ole wetu. Halam akaichomoa ile kofia, akaitupa majivuni, akampungia dereva mkono. Singh akachungulia, kofia hakuna, akafungua mvuke.

Nilisikia mbavu zikivunjika. Nazisikia mpaka leo.

Singh akairudisha injini nyuma, akaruka chini, akatapika. Halam akamsukuma Mwadime kwa buti mpaka nje ya reli, maiti ingali moto, akaingia kufunga mnyororo mwenyewe. Lakini kabla ya kuinama alivua kofia yake nyeupe, akaitundika kwenye ndoana ya taa.

Kumbe sheria aliijua, mwanaharamu yule!

Nikashuka, nikaichukua kofia yake, nikaivaa. Yeye ameinama, anautukana mnyororo.

"Righa, acha!" Singh akapiga kelele. "Watakunyonga!"

"Na waninyonge."

Nikapanda, nikapiga filimbi mara mbili kama kawaida. Akainua kichwa. Nilitaka anione. Nikafungua mvuke wote.

Hakimu aliniuliza kwa nini. Nikamwambia kofia haikuwepo.

Wananinyonga kesho. Jana Wakesho alikuja gerezani, akashika vyuma vya dirisha, machozi yanamtiririka.

"Nilikwambia usije kwangu," akasema. "Ndiyo usije kabisa, kaka?"